Kofia Nyuma ya Gurudumu

Nyuma ya mlango wa ofisi ya ukaguzi wa magari, hapo Nyeri, kuna msumari, na kwenye huo msumari inaning'inia kofia iliyobanwa ikawa bapa kama chapati. Ninyi mliobaki kazini mmeizoea. Mmoja wenu aliniuliza, wiki ile ninaaga, kama anaweza kuitupa ili apate pa kutundika koti lake. Nilimwambia asubiri niandike kwanza. Basi naandika. Nikimaliza mtajua ilikuwa ya nani na ilibanwaje, na kama bado mtataka pa kutundika makoti, pigeni msumari mwingine.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda kidogo, nikakaa sana, na mshahara kila mtu anaujua kwa sababu ulikuwa ukiisha mbele ya macho ya watu.

Nilianza kazi miaka michache baada ya bendera mpya kupandishwa, asubuhi moja ya Julai, ile Julai yetu ya ukungu ambayo jua huomba ruhusa kwanza. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima kutoka kwa kaka yangu, kwa maana nilidhani mkaguzi ni mtu wa kukaa mezani. Mtu wa kwanza niliyemkuta uwanjani alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ikaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua.

"Vizuri," miguu ikajibu. "Ingia huku usome hii springi."

Huyo alikuwa Bwana Kariithi, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Suti ya kaka yangu haikurudi jinsi ilivyotoka, na kaka yangu hakunisemesha hadi Krismasi.

Vifaa vya Kariithi vilikuwa nyundo ndogo, tochi na kipande cha chaki. Kwa nyundo aligonga nati za magurudumu moja moja. Nati iliyokaza hulia, iliyolegea hunung'unika, na mwezi mzima wa kwanza alinifanya nigonge huku nimefumba macho mpaka nikazijua kwa sauti. Tochi ilikuwa ya kutazamia mabomba ya breki na kutu ya chini. Kwa chaki alitia alama pale palipomuudhi, na kuna magari yaliyotoka kwetu yakiwa meupe zaidi ya yalivyoingia. Alinifundisha pia kumsikiliza mwenye gari. Mwenye gari zima hulalamika juu ya foleni. Mwenye gari bovu huja akikusifia redio.

Sasa niseme habari ya mteremko. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko upande wa chini, na mashine ya kupimia breki hatukuwa nayo. Tuliambiwa iko njiani. Nimestaafu ikiwa bado njiani. Kariithi, aliyekuwa ameingojea tangu enzi za wazungu, alijitungia njia yake. Gari lilisimamishwa mteremkoni, mdomo ukitazama juu, kisha akamwambia mwenyewe:

"Vua kofia yako, uiweke nyuma ya gurudumu. Vuta handbreki. Halafu toa mguu."

Ninyi mnaotembea vichwa wazi hamwezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Siku zile mtu mzima mwenye pikapu alikuwa na kofia, na kofia hiyo aliivua kanisani na makaburini tu. Angeweza kukuapia kwa wazazi wake wote wawili kwamba breki ni nzima. Lakini umwambie aweke kofia chini, anaitazama, anatazama mteremko, anakumbuka kitu fulani. "Wacha kwanza nipitie kwa makanika," anasema. Nusu ya magari yalianguka mtihani bila gurudumu kusogea.

Kuna mchinjaji mmoja wa Kerugoya aliyekuja na lori, na mkewe amekaa mbele. Alipoombwa kofia aliingiza mkono dirishani, akatoa kitambaa cha kichwa cha mkewe kilichokuwa juu ya kiti, akainama kukitandika nyuma ya gurudumu.

"Baba Njeri," mama akasema kutoka ndani, polepole kabisa, "hiyo ni yangu. Wewe si uko na yako?"

Yule bwana akasimama na kitambaa mkononi. Kariithi akaandika "haifai" bila kuuliza lingine.

Kazi nyingine ilikuwa kusikiliza malalamiko, ingawa haikuwa imeandikwa popote. Magari yaliyopaswa kukaguliwa kila mwaka yalikuwa pikapu na malori, na kioo cha mbele kilijaa vikaratasi hadi dereva akawa anachungulia barabara kati ya bima na leseni. Leseni ya barabara ndiyo iliyowauma zaidi. Nakumbuka siku Ndirangu, mkulima wa kabichi kutoka Endarasha, alipoweka yake mezani kwangu kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Bwana Mkaguzi, hii ya barabara nimelipa. Karatasi niko nayo. Sasa nauliza, barabara yenyewe iko wapi?"

"Iko Endarasha, mzee."

"Mimi natoka Endarasha asubuhi hii. Kwetu iko matope. Ama kuna Endarasha ingine?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu kwamba nitafikisha habari mbele. Nilizifikisha. Habari za barabara ya Endarasha zilikwenda mbele kila mwaka na hakuna hata moja iliyorudi. Matope yalikuwa yakimeza springi, yakitafuna shokabsoba, na tairi mpya ikienda msimu mmoja wa mvua inatoka na kipara. Lakini lazima niseme ukweli: mtu wa Endarasha hakuonekana kwetu na tairi zenye kipara hata siku moja. Jambo hilo lingenishangaza mapema, kama ningekuwa mtu wa kushangaa mapema.

Mwaka wangu wa tatu ndipo nilipoliona kovu. Lilikuwa ubavuni mwa tairi moja ya pikapu ya Ndirangu, kovu la umbo la jembe. Tairi ilikuwa nzuri, meno yake marefu, nikaipitisha. Ilikuwa Jumatatu. Jumatano ikaja pikapu ya misheni, na jembe langu likawa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Ijumaa lilikuja na bwana mmoja wa kilimo. Wiki iliyofuata akaja mzee wa Mweiga na kijipikapu kidogo ambacho tairi zile hazikukienea kabisa. Zilikuwa zikikwaruza mabati ya juu kila akikata kona, na moshi wa mpira ulifika ofisini kabla yake. Nilipomuuliza akasema hivyo ndivyo wanavyozifunga siku hizi.

Nikamwendea Kariithi, nikijiona nimevumbua kitu.

"Mzee, ile tairi ya kovu imekuja tena."

"Hiyo tairi imekuja hapa mara nyingi kuliko wewe," akanijibu bila kuinua kichwa. "Ziko nne. Ni za Mama Wambui wa Chaka, yule anauza mafuta ya taa. Zinakaa kwa stoo, zimefunikwa gunia. Mtu akikaribia kuja kwetu anapitia huko, anafungiwa, anakuja, anarudisha. Wako na zamu, na hakuna mtu anaruka zamu."

"Na unajua, na unapitisha?"

"Ile suti ulikuja nayo siku ya kwanza, ilikuwa ya nani?"

Akaweka nyundo chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya ovyo.

"Nikiangusha zote, kabichi itaoza Endarasha na mgonjwa atabebwa kwa mgongo. Breki sisamehi, unaniona. Lakini kwa tairi, hapo nimelegea, sitakudanganya. Siku utakuwa mkubwa hapa, utaamua yako."

Nilifurahi kwamba siku hiyo ilikuwa mbali. Nikajifunza kulitazama lile kovu kama mtu anavyomtazama jirani asiyetaka kusalimiana naye.

Kariithi akastaafu. Tukampa blanketi na saa ya ukutani ambayo ilisimama wakati hotuba zikiendelea. Akarudi kwake Endarasha, akanunua pikapu kuukuu, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Haikupita muda mrefu mkewe, Mama Wanjiru, akapata kidonda mguuni kilichokataa kupona. Daktari akaagiza aletwe hospitalini Nyeri kila Alhamisi kuoshwa na kufungwa upya, na asipoletwa, mguu ungekatwa. Kariithi mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku moja amesimama nje ya uwanja wetu akimngojea. Akapiga bati la ile pikapu kwa kiganja.

"Sasa unaona hii si gari," akasema. "Huu ni mguu wa Mama Wanjiru."

Miezi michache baadaye karatasi yake ya ukaguzi ikaisha. Alikuja asubuhi na mapema, ameegesha nyuma ya malori mawili, kofia yake ya kahawia kichwani, ile ile aliyokuja nayo kazini miaka yote, aliyokuwa akiipiga brashi kila Jumapili. Nilianza na nati. Zililia vizuri zote. Taa sawa, usukani sawa. Nikafika gurudumu la nyuma kushoto, na jembe likanitazama.

Nitawaambia nilichofanya, ingawa sijivunii. Sikusema neno. Nilijua tairi zake mwenyewe ziko Chaka, chini ya gunia, zikingoja zamu irudi. Nilijua pia, kwa jinsi alivyoegesha na kutia jiwe chini ya gurudumu, kwamba handbreki yake ni ya kukisia. Nikafikiria ule mguu. Nikamfikiria yeye aliyenifundisha. Nikatoa kalamu, nikaweka fomu juu ya boneti, nikaanza kuandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

"Wahome," akaniita. "Umesahau kitu."

"Sijasahau, mzee. Yako naijua."

"Hujui. Toka hapo."

Akaingia ndani, akalirudisha gari mteremkoni, mdomo juu. Akatoka, akavua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi pale uwanjani. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Akaiweka kofia nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kovu, akaisogeza kidogo ikae katikati. Akapanda, akavuta handbreki mpaka ikalia, akatoa mguu.

Gari likatulia hivi, kama linalofikiri. Kisha likarudi nyuma taratibu, likapanda juu ya kofia, likasimama pale alipokanyaga breki.

Kariithi akashuka, akaja kando yangu.

"Andika."

Nikaandika "haifai".

"Andika na tairi."

"Tairi ni nzuri, mzee."

"Ni nzuri sana. Si zangu. Andika."

Nikaandika. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini basi alikuja.

"Nilitoka nyumbani nikiwa kama hao wengine," akasema. "Nilikuwa nimejiambia nitajaribu, kijana ataomba kofia, labda handbreki itashika. Sikujua utanionea haya. Ukinionea haya mimi, kesho ni nani utamwomba kofia?"

Akaacha pikapu pale uwanjani, akaenda kutafuta basi la Mweiga na kichwa wazi kwenye baridi. Kofia akaiacha chini. Niliiokota mimi.

Alhamisi ile nilikuwa langoni mapema kuliko kawaida, na mtajua kwa nini. Saa tatu hivi pikapu ikapita ikielekea hospitalini, na ndani yake Mama Wanjiru amekaa mbele, mguu umenyooshwa juu ya mto, akanipungia mkono kwa furaha. Dereva alikuwa Ndirangu, jirani yao. Jumatatu mbili nyuma nilikuwa nimempitisha Ndirangu, tena kwa tairi za jembe. Sasa alikuwa amerudishiwa zake, na kutoka pale niliposimama niliona nyuzi zikichungulia kwenye mpira. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kioo, kati ya bima na leseni, karatasi yangu ilikuwa mpya, na sahihi yangu ilisomeka vizuri.

Yaani mtu mwaminifu gari lake lilikuwa limefungiwa uwanjani kwangu, na mkewe nimempakia kwenye jeneza lenye muhuri wa serikali. Hiyo ndiyo hesabu ya kazi yangu niliyoipata asubuhi ile. Nilikaa pale langoni hadi waliporudi salama, saa saba, na malori yaliyongoja kukaguliwa yakangoja.

Alasiri nikaenda Chaka. Mama Wambui alinikaribisha kwa chai kabla sijasema nimefuata nini, na ni wazi alijua. Alinionyesha tairi mwenyewe, akatoa gunia kwa heshima. Zilikuwa zile za Kariithi, kipara kitupu, zikiwa zimeegeshwa kando zikingoja zile nzuri zirudi.

"Hizo nzuri nilinunua kwa mzungu akiuza shamba," akasema. "Tangu siku hiyo hazijaenda mahali pengine isipokuwa kwako na kurudi. Si ni kusaidia serikali? Wewe umeona tairi nzuri, mwenye gari ameona karatasi, kila mtu amelala vizuri."

"Leo Mama Wanjiru amebebwa na Ndirangu," nikamwambia. "Kwa zile tairi zake."

Akaweka kikombe. "Kwani Kariithi hakupita? Na nilimfungia mimi mwenyewe?"

"Amejiangusha."

Nikamweleza habari ya kofia.

"Sheria inaniruhusu nizichukue," nikasema. "Nikizichukua zitaozea kwa stoo yetu. Mimi nataka zibaki kwa gari ya Kariithi, na zisitoke tena."

"Na hao wengine?"

"Wanunue."

"Utachukiwa, wewe. Ati utachukiwa mpaka watoto wako."

"Najua, mama."

"Basi ziache huko ziko," akasema. "Lakini uwaambie ni wewe umesema. Si mimi."

Waya wa handbreki ulifika kutoka Nairobi baada ya siku nane, na kila siku kati ya hizo niliihesabu. Kariithi akaufunga mwenyewe, amelala chini, miguu nje. Kisha nikamwomba kofia. Alikuwa na mpya, ya bei. Akaiweka chini bila kuitazama mara mbili, na gari halikusogea hata upana wa kidole. Alhamisi iliyofuata alimleta mkewe mwenyewe.

Mwezi uliofuata niliangusha pikapu kumi na moja asubuhi moja. Walikuja na tairi zao halisi na nyuso za msiba. Padri wa misheni alisema ataniombea, na kwa jinsi alivyosema sikujua anamwomba Mungu anifanye nini. Ndirangu, niliyemwita arudi ingawa karatasi yake ilikuwa bado mpya, aliipokea fomu akaisoma.

"Miaka yote hukuwa mtu wa tairi," akasema. "Leo ndiyo umeona?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililonichoma. Pikapu yake ililala nyumbani miezi miwili, na kabichi zake zikaoza shambani, kama Kariithi alivyokuwa amenionya. Alinunua tairi baada ya kuuza ng'ombe. Sikuwahi kulala vizuri kwa sababu ya yule ng'ombe, na hakuna mtu anayepaswa kuwaambia kwamba kazi hii ukiifanya sawasawa utalala vizuri. Barabara ya Endarasha, nayo, iliendelea kulipiwa.

Watu wetu hata hivyo hawakai bila mpango. Baada ya mwaka mmoja nikaanza kuona kofia moja ya kijani, imetoboka juu, ukingo umeliwa na panya. Jumatatu ilikuwa kichwani mwa mtu wa Chaka, Jumatano mtu wa Mweiga. Waliiweka nyuma ya gurudumu kwa ujasiri mkubwa, na ikibanwa walikuwa wakiikung'uta tu na kuivaa tena. Nilienda kwa Mama Wambui, nikaikuta ikikaa juu ya msumari stoo, tayari kwa zamu. Alicheka hadi akashika ukuta. Tangu siku hiyo nikaanza kuomba viatu, na mwenyewe asimame hapo hapo kwenye kokoto akiwa na soksi, angoje majibu.

Mguu wa Mama Wanjiru ulipona. Siku ya mwisho ya kufungwa alikuja uwanjani akitembea, nami nikatoa ile kofia bapa nimrudishie ampelekee mumewe. Akaigeuza huku na huku.

"Kaa nayo," akasema. "Huyo ameshanunua ingine. Hii ni yako."

Ndipo nikapiga ule msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mkaguzi akikaa kuandika anaiona yeye peke yake, mwenye gari haioni. Kariithi amekwisha kutuacha, Mungu amrehemu, na mkewe alimzika akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.

Sasa, vijana wangu. Kwa zile pesa za kuagia nimenunua pikapu. Ni kuukuu, lakini redio yake ni nzuri sana. Karatasi yake inaisha mwezi ujao. Handbreki inashika asubuhi, mchana inafikiria. Jana jirani yangu, mtu mwema, alipita nyumbani akaniambia kuna tairi nne mahali fulani, na kwamba kwa heshima yangu sitahitaji kungoja zamu. Nilimwambia nitamjibu. Sijamjibu hadi sasa, na nawaandikia hivi kabla sijamjibu.

Mtaniona langoni asubuhi na mapema. Mtanisalimia, mtaniita mzee, mtataka kuweka fomu juu ya boneti. Mimi nitakuwa nimevaa kofia ninayoipenda. Tafadhali, niombeni hiyo kofia.